Shahamu Chungu, Ngiri na Lugha ya Maumivu

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefunua kamusi na kutafuta neno ngiri hukutana kwanza na mnyama wa porini wa jamii ya nguruwe, mwenye meno yaliyopinda yakachomoza nje ya kinywa. Chini ya mnyama huyo hukuta maradhi. Wahadhiri wa semantiki hulipenda neno la aina hii kwa kuwa huwafundishia homonimia bila jasho: umbo moja, maana mbili zisizohusiana, darasa likacheka kidogo, somo likasonga mbele. Aghalabu hakuna anayeuliza swali linalofuata, nalo ndilo zito: hayo maradhi yenyewe ni yapi?

Hapo ndipo mambo yanapochangamana. Vinywani mwa watu, ngiri ni tumbo linalonguruma na kujaa gesi. Ni maumivu ya kiuno. Ni upungufu wa nguvu za kiume. Ni korodani iliyojaa maji, ambayo pwani huitwa busha na ambayo huko Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu huweza kutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mabango ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, Mombasa hadi Nairobi, hulitaja neno hili sambamba na mapenzi yaliyopotea na kesi za mashamba. Daktari naye akisema ngiri huwa na jambo moja tu akilini: ukuta wa misuli unaozuia vilivyomo tumboni umelegea au umepata ufa, na kupitia ufa huo mafuta ya ndani, au kipande cha utumbo, kimechungulia nje kikafanya uvimbe chini ya ngozi. Mgonjwa akikohoa uvimbe hutokeza. Akilala chali hurudi ndani. Usiporudi, hatari imebisha hodi.

Jambo jingine ambalo mabango yale hulionyesha bila kukusudia ni kwamba ngiri imefanywa maradhi ya wanaume. Si uzushi mtupu. Utafiti uliochapishwa Uingereza katika miaka ya 1990 ulikadiria kwamba wanaume 27 katika kila 100 watafanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena maishani mwao, ilhali wanawake ni 3 tu. Hata hivyo, kinena si mlango wa pekee. Ngiri hutokea kitovuni na karibu yake, hutokea juu ya kitovu, hutokea penye kovu la upasuaji wa zamani; na ile inayotokea chini kidogo ya kinena, penye mwanzo wa paja, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwanamke aliyezaa mara nyingi na mwenye mwili mzito ni miongoni mwa wanaoielekea sana ngiri ya kitovuni. Lakini mwanamke huyo akisema mbele ya jirani zake kwamba ana ngiri, wataangua kicheko, wakidhani anafanya mzaha.

Mama mmoja wa mji mdogo wa pwani ya Kenya alikuwa katika hali hiyo, ila yake ilikuwa na tata ya ziada. Alikuwa na umri wa miaka 52, mzazi wa watoto saba, muuzaji wa mahamri na mbaazi. Kila alfajiri aliinua sufuria kubwa kutoka jikoni hadi barazani. Kwa muda wa miaka minne hivi mwili wake ulikuwa umeota madonge chini ya ngozi: mikononi juu ya viwiko, mapajani, kiunoni, tumboni. Mengine yalikuwa madogo kama punje ya mbaazi, mengine makubwa kama limau. Yalikuwa laini, yakiteleza chini ya kidole. Nayo yaliuma. Mjukuu akimwegemea alishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Mkanda wa kanga ukikaza kiunoni aliufungua. Usiku aligeuka upande hadi upande akitafuta mahali pa mwili pasipolalamika.

Watu hawakumwamini, na si kwa sababu ya roho mbaya. Lugha ilikuwa imewahukumia kesi kabla hawajaisikiliza. Katika Kiswahili mtu aliyenenepa hushukiwa mambo mawili tu, neema au uvivu. Akiwa wa neema huambiwa amewanda, amenawiri, anapendeza, ameolewa pazuri. Akiwa wa uvivu huitwa bonge, tipwatipwa, na nyama zake, kwa msemo wa mitaani ulioenea hasa Tanzania, huitwa nyama uzembe. Neno lenyewe ni hukumu: nyama imetiwa hatiani kwa kosa la kutofanya kazi. Mnyama hunona, na mafuta yake ni chakula cha wageni. Katika msamiati wote huo hakuna pembe ambamo mafuta ya mwili huuma. Mtu akisema tumbo linamuuma, au jino, au mfupa, husikilizwa. Akisema mafuta yanamuuma huambiwa ayapunguze.

Ajabu ni kwamba Marekani nako, katika karne ya 19, hali haikuwa tofauti sana. Aliyeivunja ni Francis Xavier Dercum, daktari wa neva wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1856 na kuja kufundisha katika chuo cha udaktari cha Jefferson mjini humo. (Huyu ndiye aliyeitwa mwaka 1919 kumpima Rais Woodrow Wilson alipopatwa na kiharusi.) Mwaka 1888 Dercum alieleza hali ya mgonjwa ambaye shahamu ya chini ya ngozi yake ilivimba na kuuma. Mwaka 1892 alichapisha makala kuhusu wagonjwa watatu, akasema maradhi haya kwa nje hufanana na unene lakini si unene, maana yana dalili za neva, akayapa jina la Kilatini, adiposis dolorosa, yaani shahamu yenye maumivu. Leo huitwa pia ugonjwa wa Dercum. Ni maradhi adimu, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza baina ya umri wa miaka 35 na 50. Chanzo chake hakijulikani, ingawa kuna familia ambamo huonekana kurithiwa.

Jina halikumaliza shaka. Mwaka 1901 madaktari wawili wa Kifaransa, Roux na Vitaut, walipendekeza dalili kuu nne: madonge ya shahamu yanayouma, unene, uchovu wa mwili, na matatizo ya akili na hisia. Dalili hiyo ya nne iliwaponza wagonjwa wengi. Mtu asiyelala usiku kucha kwa maumivu, na asiyeaminiwa mchana kutwa, atakosaje kuwa na huzuni na hasira? Huzuni hiyo ikachukuliwa kuwa chanzo, maumivu yakafanywa mawazo tu. Mwaka 2012 watafiti wa Uswidi waliipunguza orodha wakabakisha mambo mawili: uzito uliozidi, na maumivu ya shahamu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Hakuna kipimo cha damu kinachoyathibitisha. Donge likikatwa na kupelekwa maabara hukutwa ni mafuta, basi. Daktari hufikia uamuzi kwa kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, na zaidi ya yote kwa kumsikiliza mgonjwa anavyosema.

Na mama yule alikuwa msemaji. Hapa ndipo Kiswahili kinapostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa lugha isiyo na jina la maradhi yake ilikuwa na ghala kubwa la vitenzi vya maumivu, naye aliyajua yote. Donge la paja lilikuwa likipwita, yaani likidunda kama moyo wa pili. Madonge ya mikono yalichonyota, kama kidonda kilichotiwa ndimu. Ya kiunoni yalifukuta, moto usio na mwali, na yalifukuta zaidi kunapokucha. Kwa kuuma hivyo yalidumu, yawe yameguswa au hayakuguswa. Halafu kulikuwa na jambo jingine, karibu na kitovu, ambalo yeye hakuliita donge kamwe. Alikiita kichungulizi. Hicho hakikufukuta wala kuchonyota. Kilivuta alipoinua sufuria, kikanyonga kidogo, kikaondoka alipolala. Msikilizaji mwenye subira angepata katika maneno hayo maradhi mawili, yametenganishwa kwa ngeli na kwa vitenzi: madonge yanayokaa na kufukuta, na kichungulizi kinachotoka na kurudi.

Alikwenda zahanati mara tatu katika mwaka 2017. Yote hayo aliyasema mara tatu, kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani, mbele ya watu waliozaliwa nacho. Kadi yake ilikuwa na mstari mmoja kwa Kiingereza, unaorudiwa kwa tarehe tofauti: mavimbe yenye maumivu mikononi, miguuni na tumboni, apunguze uzito, apewe dawa ya maumivu. Pwita, chonyota, fukuta, vuta na nyonga zilikuwa zimeingia mlango mmoja zikatoka neno moja. Kichungulizi kilikuwa kimehesabiwa miongoni mwa madonge. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi pia. Kadi ya mgonjwa haijapata habari hiyo.

Lazima isemwe, kwa haki ya waandishi wa kadi, kwamba kosa hilo halikuwa la kijinga. Ngiri iliyo juu ya kitovu au kando yake mara nyingi huanza kwa kusukuma kipande cha mafuta ya ndani, si utumbo, na kipande hicho kikiguswa huhisika sawasawa na donge la shahamu la kawaida. Hata kwa mtu mwembamba huweza kumdanganya mpimaji. Kwa mtu aliyejaa madonge mwili mzima, moja zaidi hufichika kama mnazi ndani ya shamba la minazi. Kinachotofautisha ni maswali mawili: ukikohoa hutokeza? ukilala hurudi? Ni maswali ya Kiswahili chepesi kabisa, na hayahitaji mashine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Haina neno juu ya yule asiyeficha, anayeyataja kila mahali, asisikilizwe.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018, siku ya Ijumaa, mama huyu aliinua sufuria kama ada yake, akahisi kichungulizi kimetoka. Alilala chali kwenye mkeka akingoja kirudi. Hakikurudi. Alasiri tumbo lilianza kumnyonga kwa vipindi, magharibi alitapika, hewa haikupita wala choo. Bintiye na jirani wawili wakampakia kwenye tuktuk hadi hospitali kubwa, naye njiani alikuwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, akinyamaza, jambo lililowatisha zaidi kuliko lau angelia.

Muuguzi wa zamu, mtu mzima, aliisoma kadi kisha akaiweka kando. Akavuta kiti.

“Mama, pole. Yapi haya yaliyokupata?”

“Madonge ni ya siku nyingi, mwanangu, hayo yaache. Nitazame hiki. Hiki si mwenzao.”

“Ukilala hukaa au huondoka?”

“Kilikuwa kikiondoka. Tangu adhuhuri kimegoma.”

Muuguzi aligusa kidogo kando ya kitovu, akaona ngozi imetuna na kuwa nyekundu, hakuuliza tena. Alitoka mbio kumwita daktari. Mazungumzo yote hayakuchukua dakika mbili, nayo yalitimiza yale ambayo ziara tatu za zahanati zilishindwa kutimiza. Mama alikuwa amesema kitu kile kile. Tofauti ni kwamba safari hii neno hiki halikutafsiriwa kuwa haya.

Alipasuliwa usiku uleule. Kipande cha utumbo kilikuwa kimenaswa kwenye ufa mwembamba, na damu haikuwa ikifika vizuri. Ngiri za kitovuni kwa watu wazima zinaogopwa kwa sababu hiyo: mlango wake ni mdogo, hivyo kinachotoka hukabwa shingo, na kikikabwa kwa saa nyingi hufa. Kwa bahati, kipande kile kilipoachiliwa rangi yake ilirejea, hakikukatwa. Ufa ukashonwa kwa uzi. Tangu miaka ya 1980 madaktari wengi wamependelea kuziba ufa wa ngiri kwa wavu maalumu, na jambo la kujivunia Afrika Mashariki ni utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, ambapo wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walishonewa, baadhi wavu wa bei ghali, baadhi wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua, na baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana. Lakini usiku ule, na kwa tumbo lililokuwa hatarini, uzi ulitosha.

Alipoamka, kichungulizi hakikuwepo. Madonge yalikuwepo. Hilo liliwashangaza watu wa nyumbani, ambao walikuwa wamekwisha kusadiki kwamba ngiri ndiyo iliyokuwa mama wa maumivu yote, na kwamba kisu kingeyang'oa na mizizi. Jamaa mmoja alifika kumpongeza, akamkumbatia kwa nguvu, akapigiwa kelele. Daktari aliyempasua alikuwa amekata donge moja lililokuwa karibu na mshono akalipeleka maabara; majibu yakarudi kwamba ni mafuta tu. Mwingine angeishia hapo. Huyu alimtuma kwa mwenzake, na huyo mwenzake alimwuliza mama maumivu yalivyo, akamwacha aseme hadi amalize, vitenzi vyote. Alimpima tezi ya shingo, akampima viungo na neva, akaondoa hiki na kile. Mwishoni aliandika kwenye barua maneno mawili ya Kilatini.

Hakumficha kwamba tiba ya kumaliza haipo. Dawa za kawaida za maumivu huwasaidia baadhi ya wagonjwa kidogo. Lidokeini, dawa ile ile ya ganzi ambayo daktari wa meno huidunga kwenye ufizi, imewapa nafuu baadhi yao, ikipitishwa mshipani au ikibandikwa juu ya ngozi. Donge linalosumbua mno huweza kukatwa, ila huweza pia kuota tena. Kunyonya mafuta kwa mrija kumepunguza maumivu ya wengine, kwa gharama ambayo mahamri hayawezi kuilipa. Kupunguza uzito ni kwema kwa moyo, kwa magoti na kwa mshono wa ngiri, lakini si lazima kuondoe maumivu haya. Sentensi hii ya mwisho mama aliomba irudiwe. Kwa miaka minne alikuwa ameambiwa kinyume chake, na kila alipofunga kula pasiwe na nafuu alijiona ni mkosaji.

Bintiye, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akisoma Kiswahili na Historia, ndiye aliyeuliza jina la maradhi kwa lugha ya nyumbani. Daktari alifikiri, akasema hana. Swali hilo likawa kazi ya nyumbani kwa muda mrefu. Ugonjwa wa Dercum ni jina sahihi lakini haliwaelezi jirani chochote, kwani huwataka wamjue mtu wa Philadelphia kabla ya kumjua mgonjwa wao. Lipoma, ambalo madaktari hulitumia kwa donge la shahamu lisilo na madhara, lina kasoro kubwa zaidi: lipoma ya kawaida haiumi, na kuumwa ndilo jambo lenyewe. Binti alipendekeza shahamu chungu. Lina ufupi unaotakiwa katika istilahi, na mzizi wake una bahati njema, kwa kuwa chungu ni ladha ya mwarobaini na ni ndugu wa uchungu, neno ambalo Kiswahili kimelitunza kwa maumivu yasiyotiliwa shaka na mtu yeyote, yale ya mwanamke anayejifungua. Hakuna anayemwambia mwenye uchungu kwamba anajidekeza.

Mama alilipokea nusu. Shahamu lilimwelekea kuwa neno la kwenye kitabu, au la buchani. Yeye akasema mafuta machungu. Jirani zake walilishika siku ileile, na kwa mara ya kwanza walimwuliza habari za hali yake bila kumtazama tumbo. Mwanafunzi wa istilahi anaweza kupinga kwamba mafuta machungu humfanya mtu adhani ni ya kupikia yaliyoharibika. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini watumiaji wamekwisha kupiga kura.

Aliporudi hospitalini kutazamwa mshono, karani wa mapokezi, kijana mwenye haraka, alimwuliza shida ni nini.

“Nina mafuta machungu mwili mzima, na hapa kitovuni palishonwa ngiri.”

Kijana alisita, kalamu hewani. Aliuliza machungu kwa Kiingereza yaitweje. Mama akamwambia aandike vivyo hivyo alivyoambiwa. Akaandika, akampa nambari 41. Mama akaenda kuketi kwenye benchi, akakipakata kikapu chake upande wa kulia, maana paja la kushoto halikutaka kuguswa siku hiyo.